Mlio kwenye Kona ya Kanisa

Hapa kijijini kwetu Kilvarna ukimuuliza mtu gari lake lina nini, atakuambia si kitu. Linaweza kuwa linafuka moshi na mlango wake umefungwa kwa kamba, bado atasema si kitu, halina haraka, utaliangalia ukipata nafasi. Ndivyo tulivyolelewa. Kulalamika tunaona ni kujikweza, na kumsumbua fundi ni aibu. Kwa hiyo Phelim Gaughan aliacha zamani kuuliza maswali. Ukimpelekea gari alikuwa anavua kofia, anashusha vioo vyote hata kama mvua inanyesha, na kuondoka nalo taratibu akiwa ametega sikio. Akirudi, ameshajua.

Gereji yake ilikuwa banda la ng'ombe la marehemu baba yake, pale njia panda. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyotakata hata Jumapili, na kumtoa neno mdomoni ilikuwa kazi. Mama yao alifariki Phelim akiwa bado mtoto wa shule. Dada yake, Attracta, alikuwa Leeds akisomea uuguzi. Akarudi kuzika, na begi lake moja, na hakuondoka tena. Ni yeye aliyemlea. Alimfulia, alimkemea, alimsaka kila alipotoroka masomo, na alipoona kichwa chake kimo ndani ya injini na si ndani ya vitabu, akamtafutia mahali pa kujifunza ufundi. Phelim hakuoa, Attracta hakuolewa. Watu walisema mengi, maana mdomo haulipiwi. Mimi nasema walitosheana.

Naitwa Dominic Lavelle. Mbele nina baa, nyuma nina majeneza, kama alivyokuwa baba yangu. Ninayemmiminia bia leo ndiye nitakayemzika siku moja, na hakuna anayeona ajabu. Gari ninalolisimulia hapa ni langu: gari la maiti, jeusi, refu, nililolitunza vizuri kuliko nilivyotunza meno yangu.

Mara ya kwanza lilipopiga mlio ilikuwa siku tulipomzika Austin Barrett, mfuga kondoo wa kule juu. Mazishi yetu huenda kwa miguu. Gari linatangulia kwa mwendo wa mtu anayetembea, watu wanafuata, maduka yanafunga milango mpaka lipite, na hakuna anayezungumza. Makaburi yako karibu tu na kanisa ukishuka kwa kichochoro cha chini, lakini huko hatupiti. Maiti wetu anazungushwa njia ndefu, kupitia darajani mpaka mbele ya nyumba yake, gari linasimama kidogo aage, ndipo anapelekwa. Ukimpitisha mkato ni kama ulikuwa na haraka ya kumtoa machoni. Njia ndefu ina kona nyingi, na iliyo kali kuliko zote ni ile ya kushoto, unapotoka tu kwenye lango la kanisa.

Hapo ndipo lilipopiga. Tak. Mlio mkavu, kama mtu anavunja kijiti cha kuwashia moto kwenye goti. Likapiga tena kwenye kona ya daraja. Mjane wa Austin alishtuka akamshika mwanawe mkono. Katika ukimya ule hapakuwa na mtu ambaye hakusikia, nami nilitamani ardhi inimeze na gari langu.

Jioni baa ilijaa, na kila mtu ana lake la kusema.

"Austin alikuwa anagonga," alisema mmoja. "Kakumbuka hajafunga zizi."

"Si zizi. Kaona ni Dominic anaendesha, kaogopa."

Nilicheka, kwa sababu mwenye baa lazima acheke. Lakini asubuhi yake nilikuwa gereji kabla Phelim hajamaliza chai.

Alinikalisha nyuma ya usukani, gari limesimama, akaniambia nizungushe huku na huku. Yeye alipiga magoti na kuweka kiganja juu ya springi ya mbele, akafumba macho. Kimya. Akahamia upande wa pili. Kimya.

"Mlio wa kona una kwao," aliniambia. "Ukipiga gari limesimama, usukani ukizungushwa tu, tafuta pale juu springi ya mbele inapozungukia. Ukipiga mfululizo, ta-ta-ta, ukikanyaga mafuta kwenye kona, ni kiungo cha ekseli, kile kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu huku gurudumu lenyewe linageuka. Ukipiga mara moja moja gari likiinama, ni vishikizo vya huku chini."

Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema Krismasi nzima. Kisha tulikwenda kwenye uwanja wa mpira, pale watu wanapoegesha magari, akaliendesha duara kushoto, duara kulia, kichwa kikiwa nje ya dirisha. Aliporudi alilipandisha jeki, akanionyesha mpira unaofunika kiungo cha ekseli cha mbele. Ulikuwa umechanika, grisi yote imemwagika, chuma kimekauka kama mfupa. Alikitoa, akatia kipya. Tulizunguka kijiji kizima, kona zote, na gari halikusema kitu. Nilimshukuru mpaka nikachoka.

"Kile kiungo kilikuwa kibovu kweli," alisema. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba hakusema kuwa ndicho kilichokuwa kinapiga.

Majuma machache baadaye tulimzika Concepta Ruane. Nilitoka langoni kifua mbele, nikakata kushoto. Tak.

Attracta alikuwa kwenye msafara ule, kajifunga kitambaa kichwani kwa sababu nywele zake zilikuwa zimeanguka kwa dawa za saratani mwaka ule na zilikuwa ndiyo kwanza zinarudi. Tulipotoka makaburini alinifuata, na Phelim yuko nyuma yake.

"Dominic, kile ni nini, gari au banda la kuku?"

"Muulize mdogo wako."

"Nitamuuliza. Na sikilizeni nyote wawili. Mimi hamnibebi kwenye kitu kinachopigapiga namna ile. Nipelekeni na trekta."

Watu walicheka. Phelim alibaki anaangalia viatu vyake, na nikadhani ni fahari ya fundi iliyojeruhiwa.

Tangu siku ile akawa hashikiki. Nikimpelekea gari, ananiambia niliache. Nikirudi jioni nalikuta palepale, halijafunguliwa hata boneti, na yeye yuko kwenye mashine ya kukatia nyasi ya padri. Nikimuuliza, ananijibu si kitu, halina haraka. Maneno ya wateja wake wote, sasa anayasema yeye. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua, na nilikuwa nimeshaanza kuuliza habari za fundi wa mjini, siku Attracta alipoingia baa asubuhi, viti bado viko juu ya meza.

Aliomba chai. Alikaa kwenye kona ya moto bila kuvua koti.

"Imerudi," alisema. "Iko kwenye ini sasa. Daktari ana dawa nyingine anataka kujaribu, nimemwambia aniache nipumzike."

Mtu unazika watu maisha yako yote, na ikifika hapo ulimi unakuwa mzito kama wa mwingine yeyote.

"Phelim anajua," aliendelea. "Ndiyo maana haligusi gari lako. Anaona akilitengeneza, amenitengenezea mimi. Anaona likiendelea kuwa bovu, siwezi kuondoka. Hajaniambia, lakini nimemlea mimi."

Nilichukua glasi safi nikaanza kuifuta.

"Unanipima kwa macho, Dominic?"

"Hapana."

"Muongo wewe. Baba yako alikuwa vilevile. Lete gari, twende."

Tulimkuta Phelim amekaa juu ya tairi, hafanyi lolote. Attracta hakumsalimu. Alivuta kiti kilichotolewa kwenye gari la mtu, akakaa, akaniuliza mimi kana kwamba mdogo wake hayupo.

"Linapiga lini?"

"Kona ya kushoto."

"Kila kona ya kushoto?"

"Siku za mazishi tu. Nikiwa mwenyewe halisemi kitu."

Phelim aliinua kichwa. Alilitazama gari kutoka mbele mpaka nyuma, taratibu, na nilimwona akijichukia.

"Ni uzito," alisema. "Nililipima tupu. Sote tunalipima tupu."

Ilikuwa kweli. Hapa kwetu gari la maiti haliingizwi kitu ila maiti na maua yake. Baba yangu hakuruhusu hata gunia la viazi, akisema ukilizoesha kubeba vitu vya walio hai litaanza kuwatafuta. Mimi siamini, ila sijawahi kujaribu. Phelim alizaliwa hapahapa na sheria hiyo imo damuni mwake, kwa hiyo fundi ambaye angejaza mchanga kwenye lori lolote ili alisikie likilia, haikumpitia akilini kuweka hata tofali ndani ya hili.

"Tutie saruji," alisema sasa. "Mifuko mitatu."

"Kwenye gari langu hutii saruji."

"Dominic."

"Nimesema hutii. Mume wa Concepta akisikia pale alipolala mkewe pametiwa saruji, nitamwambia nini?"

"Basi aingie mtu," alisema Attracta.

"Mtu hai?"

"Mimi niko njiani tayari. Hiyo sheria yako itafumba jicho moja."

"Hapana," alisema Phelim.

"Phelim."

"Nimesema hapana, dada." Akatoka nje, akasimama kwenye mvua na mgongo wake umetugeukia. Attracta hakumwita. Alikaa palepale, mikono mapajani, kama alivyokuwa anamsubiri enzi za utoto akinuna. Alirudi mwenyewe, maji yanamchuruzika, akavua koti lake, akalikunja upande mkavu juu, na kulitandika nyuma ya gari, pale jeneza linapolala.

Tulisubiri siku ya fainali ya mpira ya kaunti, ambapo Kilvarna nzima ilikuwa ama uwanjani ama mbele ya televisheni, na barabarani hapakuwa na hata mbwa. Attracta alipanda mwenyewe. Alijilaza, akaegemeza sikio chini, akasema yuko tayari. Phelim alikaa nami mbele. Nilitoka langoni mwa kanisa kwa mwendo wa mazishi, nikakata kushoto.

Kimya.

Nilirudi nyuma, nikakata tena. Kimya tena. Hakuna aliyetaka kulisema, Attracta akalisema mwenyewe.

"Nimekuwa mwepesi mno. Hata kugonga siwezi."

"Simama," alisema Phelim.

Alishuka, akazunguka nyuma, akafungua mlango, akapanda na kujilaza kando yake, miguu mirefu imekunjwa, buti zake kwenye kibao cha sakafu nilichokipiga rangi kwa mkono wangu mwenyewe, nami sikumwambia kitu. Walilala bega kwa bega. Mama yao alipofariki, Phelim aliogopa giza, na Attracta alikuwa anamlalia pembeni hivyohivyo mpaka apitiwe na usingizi. Kijiji kizima kinajua.

Nikakata kushoto. Tak.

"Si mbele!" alisema Attracta papo hapo. "Ni hapa chini, nyuma kabisa, upande anaokaa Dominic. Nimeusikia mgongoni."

"Nami nimeusikia," alisema Phelim.

Mlio ule ulikuwa unasafiri kwenye vyuma mpaka mbele, na sisi tuliokaa mbele tukadhani ni wa kwetu. Waliokuwa wanausikia mahali pake hasa walikuwa wale waliolala nyuma, na wao hawakuwa watu wa kutoa taarifa.

"Turudi gereji?" niliuliza.

"La," alisema Attracta. "Endelea na njia ndefu."

Niliendelea. Tukapita darajani, likapiga tena. Tulipofika njia panda, mbele ya nyumba yao, nilitaka kupita.

"Simama hapa," alisema. "Kama utakavyosimama."

Nilisimama. Nikazima injini, kama ninavyofanya. Kwenye kioo niliwaona wamelala vilevile, wanatazama dari, na mkono wake mwembamba umo ndani ya ule mkono mkubwa wa grisi. Mimi nililia, na sioni haja ya kuficha, kwa maana hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Kesho yake Phelim alivaa ovaroli. Alilipandisha gari nyuma, akatoa gurudumu la upande wangu, akaingiza tochi. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika kwenye ncha ya chini, ndani kabisa ya kikombe inapokalia, mahali ambapo macho hayafiki. Kwetu hapa hewa ya bahari na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu hula chuma kimyakimya. Kipande kilichokatika kilikuwa na urefu wa kidole. Gari likiwa tupu, kilitulia mahali pake. Likibeba mtu, na kona ya kushoto ikaliinamisha kulia, springi iliteleza juu ya kipande chake na kurukia pengine, na hapo ndipo ilipopiga. Alitia springi mpya pande zote mbili, maana ukibadili moja gari litachechemea, akakaza bolti zote kwa mkono kisha kwa spana ndefu, akarudia kuzikagua mpaka nikamwambia inatosha.

"Bado kulijaribu," alisema.

Uzito wa kulijaribu ulikuwa uleule, watu wawili, lakini Attracta hakutaka tena kulala. Alisema pale ameshapaona. Akaomba ufunguo. Basi mimi, Dominic Lavelle, nilibebwa nyuma ya gari langu mwenyewe nikiwa hai, ubavuni mwa Phelim Gaughan, tukiendeshwa na mwanamke mgonjwa ambaye alikuwa anakata kona kama ana treni ya kuwahi.

"Polepole, mama!" nilipiga kelele.

"Wanaolala hapo hawaongei, Dominic."

Kona ya kanisa ilipita. Daraja likapita. Alisimamisha gari, akageuka na kututazama kupitia kile kioo cha nyuma ya kiti, mashavu yana rangi kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

"Mmesikia kitu?"

"Hatujasikia," alisema Phelim.

"Vizuri. Kwa sababu siku yangu likipiga, mdogo wangu, likipiga hata mara moja, naamka nakutukana mbele ya padri."

Attracta aliondoka duniani mwezi wa pili, sikukuu ya Mtakatifu Brigid imepita tu, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka. Tulimkesha nyumbani. Chai haikukatika, wala mikate ya nyama, na Phelim alisimama karibu na jeneza akiwa na suti iliyombana mabega, akishikwa mkono na kila aliyeingia. Pole kwa msiba, Phelim. Ahsante. Pole kwa msiba. Ahsante. Sikumwona akitoa hata chozi. Kulipopambazuka nilitoka nje nikamkuta analiosha gari, na ndoo, na kitambaa, mpaka ndani ya matao ya magurudumu.

Baada ya misa tulimtoa. Niliwasha gari, nikashusha kioo changu chote. Phelim alikuwa wa kwanza nyuma yangu, peke yake, na nyuma yake wengine wote, na hakuna aliyekuwa hajui habari ya ule mlio, kwa hiyo ukimya wa siku ile ulikuwa wa watu waliotega masikio. Nilifika kwenye kona. Nikakata kushoto, taratibu kuliko nilivyowahi kukata.

Niliyosikia ni viatu vya watu kwenye lami na kunguru juu ya mnara. Gari liliinama, likabeba uzito wake, likainuka. Nikashusha pumzi.

Nilipotazama kwenye kioo, Phelim alikuwa amesimama katikati ya kona. Watu wote walikuwa wamesimama nyuma yake. Gari la maiti halisimami pale, lakini nilisimama, nikashuka, nikamrudia. Kofia ilikuwa mkononi, kichwa kimeinama upande, sikio limetegwa, vilevile kama alipokuwa anasikiliza magari ya watu.

"Kuna nini, Phelim? Umesikia kitu?"

"Hakuna," alisema. "Hakuna kitu."

Nilimshika kiwiko.

"Alisema likipiga ataamka," alisema. "Nimelitengeneza vizuri mno, Dominic."

Akaniangukia begani, na akalia kwa sauti, mbele ya padri na Kilvarna nzima, nami nilisimama nimemshika, mlango wa gari uko wazi na injini inanguruma, mpaka alipoweza kutembea tena. Kisha nikarudi kwenye usukani, nikampeleka dada yake nyumbani kwa njia ndefu.